Ndege Ipite Kwanza

…na huyu bwana bado anaongea, ndege iko juu ya paa na yeye anaongea, midomo inakwenda, kidole chake kimegota pale chini ya karatasi, hapa, Bi Ersilia, hapa ndipo unapo… na kilichobaki kimemezwa, mtu mzima wa miaka arobaini, kitambulisho cha mamlaka ya uwanja kinaning'inia kifuani, kazi yake ni kelele za ndege na hajui kwamba ndege ikipita mtu hunyamaza, hunyamaza tu, unaishika sentensi yako, unaitunza, ikishapita unaendelea pale pale ulipoachia wala hurudii mwanzo, sisi wa mtaa huu wa Point Shirley tumezaliwa nalo hilo, hata padri wetu hunyamaza katikati ya Misa na mikono ameiinua, na hakuna anayecheka isipokuwa wageni, lakini huyu Bwana Wilner ametoka Mattapan, kwao ni treni, treni unaweza kuipigia kelele, ndege huiwezi, basi mwache ajichoshe, mimi nina kalamu yao nyeusi mkononi, ncha iko juu ya mstari na sijaandika kitu, naangalia glasi zinavyotetemeka kabatini, zingegongana kama si vile vipande vya mpira wa baiskeli alivyovibandika Gennaro, mume wangu, kwenye rafu, kimoja kimoja, na gundi ya viatu, na picha yetu ya harusi pale ukutani imeshainamia kushoto, itabidi niinuke niinyooshe, hiyo ilikuwa kazi yake, ndege ikipita anainuka anainyoosha, mara ishirini kwa siku upepo ukiwa wa kaskazini mashariki kama leo, siku wanazorushia ndege kwenye njia ya tisa ya uwanja, na njia ya tisa ni sisi, ni paa letu hili hili…

Imepita. "Samahani," anasema Bwana Wilner, "nilikuwa nasema kwamba, Bi Ersilia, hapa ndipo unapotia sahihi," anaanza mwanzo kabisa, maskini, na Marisa wangu ananitazama kutoka ng'ambo ya meza, amekuja kutoka Worcester asubuhi na mapema, amenikuta nimeshabandika mchuzi wa nyanya, Jumanne, akasema Mama, mchuzi wa Jumapili siku ya Jumanne, nikamwambia mwanangu akija ni Jumapili, na sasa mchuzi unatokota na yeye anautazama mkono wangu, "Mama, kwani kigumu ni nini? Madirisha kumi na moja ya kuzuia kelele, vioo viwili viwili, na mlango mpya, bure. Daktari amekwambia nini kuhusu presha?" Daktari amesema usingizi, amesema kelele zinaingia moyoni hata ukijiona umezizoea, nimemsikia, sijawa kiziwi, ingawa ningekuwa kiziwi tusingekuwa tumekaa hapa, na Bwana Wilner anasema kwa upole, mtu mpole kwa kweli, viatu vyake amevivisha mifuko ya plastiki asinichafulie sakafu, anasema leo ndiyo siku ya mwisho kwa barabara hii, kesho wanahamia barabara ya pili, na nyumba iliyokosa hairudiwi, "na mimi sipendi nyumba hii ikose, Bi Ersilia, nimepima mwenyewe, yakishawekwa hayo madirisha, ukikaa hapa utasikia friji." Nisikie friji. Nimeishi miaka sabini na tatu bila kuisikia friji, inaniambia nini friji… lakini sisemi hivyo, nasema, "Kunywa kahawa, inapoa," naye anakunywa.

Kigumu ni nini, Marisa anauliza, kana kwamba hamjui baba yake, miaka ishirini karatasi hii imekuwa ikija na miaka ishirini Gennaro amekuwa akiirudisha, alikaa kwenye kiti hicho hicho alichokalia Bwana Wilner, miwani miwili puani, moja juu ya nyingine, akinisomea yale maandishi madogo ya chini, kwamba mwenye nyumba na watakaomfuata wanakubali ndege zipite juu ya nyumba hii milele na hawatashtaki, "Milele, Ersi, umesikia? Hawa hawatupi madirisha, wanachukua mbingu. Kioo shika, mbingu lete." Na wala hakuzichukia ndege, hilo watu hawakulielewa, alizijua, alikuwa akitoka kibarazani na aproni yake ya kinyozi kuipungia mkono ile ya jioni inayokwenda Ureno, alichotaka ni aulizwe, basi, mtu akipita uani kwako abishe hodi, na kwa kuwa hawakubisha alipiga simu, kila siku saa nne, ile namba ya malalamiko, Doreen anapokea, "Leo ya ngapi, Bwana Gennaro?" "Leo ya tisa, Doreen, na hii ya tisa imenikatia hadithi ya mteja pazuri kabisa. Goti lako linaendeleaje?" Miaka kumi na minne ya malalamiko, nadhani kumi na tatu ilikuwa ya goti, na Februari simu ilipoacha kupigwa Doreen alipiga mwenyewe, nikapokea mimi, hakusema yeye ni nani, alisema tu, "Hajanipigia siku nne," tukalia wote wawili kwenye laini ya malalamiko ya serikali, na alipokuja mazishini kumbe ni mrefu, na bakora, mimi nilikuwa nimemfikiria mfupi.

Nitatiaje sahihi nyuma ya mgongo wa mtu kama huyo… "Mama unanisikia?" Nakusikia. Angekuwa hai ningetia, hicho ndicho kichekesho, angekuwa hai ningechukua kalamu nikatia sahihi mbele ya macho yake, tungegombana, na ugomvi wetu haukuwahi kuzidi ndege moja, miaka arobaini na sita, naapa, ataanza kunipandishia, mwiko mkononi, ewe mwanamke kichwa chako kimejaa nini, na kabla hajafika kwenye neno lenyewe baya juu huko inanguruma, anafunga mdomo, nafunga mdomo, tunabaki tunakodoleana macho jikoni, yeye na mwiko unaodondosha mchuzi kwenye viatu, na sekunde arobaini ni nyingi sana kumkodolea mtu unayempenda, lazima mmoja acheke, ikishapita neno baya limeshaharibika, halisemeki tena. Hata ndiyo yangu kanisani ilimezwa, padri akauliza, nikasema ndiyo, na njia ya tisa ikasema zaidi, padri wetu mwenyeji, angesubiri nirudie, lakini alikuwa na homa siku hiyo akapita mbele akatubariki, na Gennaro mpaka uzeeni alikuwa akiwaambia wateja wake, mke wangu hajawahi kukubali, hakuna shahidi aliyemsikia, naishi naye kwa bahati tu.

Na Februari. Ilikuwa saa sita mchana, theluji imefika kwenye kizingiti, kitanda tulikuwa tumekileta sebuleni aone nje, na dirisha alitaka liachwe wazi upana wa kidole, kwenye baridi ile, azisikie, na mimi nimekaa mwisho wa kitanda miguu yake iko mapajani mwangu, miguu barafu, naisugua, na ikaja, ndege kubwa, na Gennaro akainua kidole. Kile kidole chake cha shahada, kimepinda nchani tangu utotoni, kidole cha saluni, mkono wa kulia wembe umenyanyuliwa kutoka shingoni mwa mteja, mkono wa kushoto kidole juu, ngoja ipite, na midomo yake ikasema neno, halikutoka, lakini midomo yake naisoma kama unavyosoma saa, ikasema dirisha. Dirisha. Halafu ndege ikapita na mimi nikangoja, kidole kikashuka polepole kwenye blanketi, macho yako kwangu, nikasema, "Sema, Gennaro, imepita," nikasema tena, "Imepita, baba, sema," na hakusema. Miezi minane. Aliniambia ngoja na mimi nangoja, nimeambiwa hivyo na mume wangu, nitafanyaje, naamka nangoja, nachuja tambi nangoja, dirisha limefanya nini, Marisa anaamini alitaka kusema madirisha tieni sahihi, Mama apumzike, mimi najua hapana, alitaka kusema usithubutu, na siku nyingine najiambia labda alitaka lifunguliwe zaidi kidogo na mimi sikufungua, na hilo ndilo linaloniamsha kuliko ndege zote za njia ya tisa, maana kama kuna nafasi katika nyumba hii ambamo sentensi ile bado imesimama ni humo, katika ule mngurumo, akitoka atatokea humo, na huyu bwana anataka kuniwekea vioo viwili viwili nisikie friji.

"Bi Ersilia," anasema Bwana Wilner, amekiweka kikombe chini, "mimi sikulazimishi. Nyumba ni yako. Lakini nikwambie ukweli, ukitia sahihi leo, mwezi wa tatu madirisha…" na inaanza, upande wa maji kwanza, halafu sakafu, halafu vijiko, na yeye, Mungu ambariki, anavuta pumzi aipigie kelele, na Marisa anainua kidole. Anamwinulia yeye. Hamtazami hata, anatazama dari, miaka kumi na tisa yuko Worcester ambako hakuna ndege hata ya dawa, ofisini kwake wanamcheka, alinisimulia, lori likipita nje ananyamaza katikati ya mkutano na wenzake wanadhani amepatwa na kiharusi, na bado kidole ni kile kile, kwake hakikupinda lakini ni kile kile, na midomo yake inasema kitu, inasema na kusema tena, bila sauti, ni neno moja, madirisha, madirisha, madirisha, kwa nini anasema madirisha, si yeye aliyekuwa anaongea, ni Bwana Wilner aliyekuwa anaongea… anamshikia. Anamshikia neno lake lisipotee. Ni kazi ya saluni ile, alikulia kwenye kile kiti cha kona baada ya shule, akimtazama baba yake, mteja anasimulia habari za shemeji yake na mashua, ndege inakuja, Gennaro kidole juu, midomo inarudia shemeji, shemeji, shemeji, ndege inapita, "Ulifika kwenye shemeji," na mteja anaendelea, na wembe unarudi shingoni, watu walisema mtaani kote kwamba kwa Gennaro hadithi haipotei, kinyozi wa watu, hakuwa na maneno yake mwenyewe ya kuyainulia kidole, akitaka kusema yeye alinyamaza tu kama sisi wote, kidole kilikuwa cha… kidole ni cha anayesikiliza.

Vijiko vimetulia. "Madirisha," anasema Marisa, anashusha kidole, "ulifika kwenye madirisha," na Bwana Wilner anacheka, anacheka vizuri, kicheko cha mtu aliyerudishiwa mwavuli aliousahau, anasema, "Mnafanyaje hivyo?" na Marisa anasema, "Tunafanyaje nini?" wala hajui, hajui alichonifanyia.

Kwa hiyo siku ile ya Februari si Gennaro aliyekuwa anaongea. Miguu barafu, naisugua, dirisha upana wa kidole, theluji… mimi ndiye niliyekuwa naongea, ni mimi, mimi nilifungua mdomo kabla ya ndege, nilisema, nilisema nini, Gennaro, nilisema Gennaro, miguu yako barafu, nikifunga dirisha… na ikaja, na yeye hapo alipo, hana nguvu ya kushika kijiko, akaniinulia kidole, midomo ikarudia neno langu, dirisha, ulifika kwenye dirisha, Ersi, nimekushikia, na mimi mpumbavu, mimi mwenye miaka arobaini na sita ya kile kidole, nikamwambia sema. Sema, baba, imepita. Kumbe zamu ilikuwa yangu. Hakuniachia deni la neno lolote, alikuwa amelishika la kwangu mpaka mwisho, hakulidondosha, macho yake kwangu akingoja nimalizie, na mimi miezi minane natafuta maneno ya mwisho ya mume wangu kwenye ngurumo za ndege wakati ni yangu, yangu mimi, na hayakuwa ya maana yoyote, lilikuwa swali la kila siku, la mke kwa mume…

"Mama," anasema Marisa, "unalia au ni vitunguu?" Ni vitunguu, nasema, ingawa vitunguu nilivitia saa mbili zilizopita na yeye anajua, na picha ya harusi bado imeinama, na ncha ya kalamu bado iko pale pale juu ya mstari, na Bwana Wilner hasemi kitu, anajifunza, amekaa kimya na kikombe chake anangoja, na mimi nimefika kwenye dirisha, Gennaro, ulinishikia vizuri, asante, nalichukua, nikifunga dirisha utanikasirikia, hilo tu, ndilo nililotaka kukuuliza, nikifunga dirisha utanikasirikia… na kule mwisho wa njia ya tisa naisikia nyingine inajipanga, inavuta pumzi, Marisa ameshanyamaza, Bwana Wilner ameshanyamaza, nashusha ncha kwenye mstari, basi kasirika, mpenzi wangu, kasirika mpaka ipite.