Gari ya Kutosha Viti Vitatu

Kazija alishapima gari nne wiki ile, na hakuna iliyomkaa moyoni. Yeye ni fundi wa nguo, na alizipima kama anavyopima mabega ya watu. Mlango wa nyuma ukifunguliwa tu, anaingia na futi yake shingoni, anapima upande hadi upande, kisha anatoka akitikisa kichwa. Mumewe Msabah, anayepakua mizigo bandarini Malindi, alishaomba ruhusa kazini mara mbili kwa ajili hiyo.

Walikuwa na watoto watatu: Nadra wa miaka mitano, na mapacha wa miezi tisa, Ridhwan na Salhiya. Viti vyao vya kufungwa ndani ya gari aliwaletea Kheir, mdogo wake Kazija, alipokuja likizo kutoka Maskati. Vilikuwa vizuri lakini vipana, na katika gari nyingi ukishapanga viwili, cha tatu hakipati pa kukaa.

Kazija alimwomba mdogo wake viti hivyo baada ya mkasa wa mwezi uliopita. Walikuwa wanarudi kliniki kwenye teksi ya jirani yao Makungu, Ridhwan kapakatwa na mama yake. Mpanda baiskeli akakatiza, Makungu akakanyaga breki, mtoto akachomoka mapajani na kujipiga kwenye kiti cha mbele. Mdomo ulishonwa nyuzi tatu. Kazija aliwaambia watu kuwa Makungu alikanyaga breki vibaya, na mtaa mzima wa Kiembe Samaki ukashika hayo. Makungu hakubisha. Toka siku ile alikuwa akiwachukua kila wanapotaka kwenda na hataki nauli, na kila anapoikataa, Kazija hujihisi kama kameza mwiba.

Jumamosi ya wiki ile Makungu ndiye aliyewapeleka Amani, kwenye yadi ya dalali mmoja aitwaye Pandu, viti vitatu vikiwa vimerundikwa kwenye buti.

Pandu aliwaonesha gari ya viti saba, rangi ya fedha, inang'aa hata ndani ya matairi. Bei yake ilikuwa chini kwa milioni nzima kuliko zote walizoziona. Msabah akapanga viti safu ya kati, vikaingia vyote vitatu, na mlango ukajifunga bila kusukumwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

"Hii ndiyo," alisema. "Kazija, tumemaliza."

Kazija naye alitaka iwe imekwisha. Alipiga magoti ndani ya gari, akavuta mkanda kukifunga kiti cha Nadra, ukaja wote mpaka mwisho. Hapo vidole vyake vikagusa mshono. Akauinamia. Mikanda ya gari hushonwa kiwandani kwa uzi mnene, mishono imebanana kama jamvi. Huu ulikuwa umeunganishwa kwa uzi wa fundi viatu, tena mkono wenyewe ulikuwa wa haraka. Akavuta wa pili, akavuta wa tatu. Yote mitatu ilikuwa hivyo hivyo.

"Mikanda hii imekatwa ikashonwa upya," alisema.

"Uzi ni uzi, Bi Kazija," Pandu akajibu. "Na kwani nani hapa anafunga mkanda nyuma?"

"Mimi nnashona. Uzi si uzi. Nani kaikata?"

Pandu akatazama barabarani. "Gari ilipata ajali kidogo. Injini haikuguswa."

"Na waliokuwa nyuma?"

"Walitolewa," alisema Pandu.

Kazija alishuka. Hakuweza kusimama pahala pamoja; alikwenda mpaka ukutani, akarudi, akaanza kuvitoa viti kimoja kimoja. Msabah alimfuata mpaka kwenye teksi.

"Mikanda inabadilishwa."

"Gari iliyokatwa mikanda ili watu watolewe siitaki."

"Unatafuta gari au unatafuta sababu?" Sauti ya Msabah ilipanda. "Mtoto hakuumizwa na gari. Kaumizwa na dereva asiyetazama njia."

Makungu alikuwa hapo hapo nyuma ya teksi, kashika kiti cha Salhiya mikononi. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga viti kama hakusikia. Kazija alimtazama shingo yake iliyoinama, na maneno aliyoyabana mwezi mzima yakamtoka.

"Makungu hakukosa. Mtoto nlimwachia mimi. Simu iliita, nkaingiza mikono yote miwili kwenye mkoba."

Msabah akamgeukia. "Yote miwili?" aliuliza.

"Yote."

Makungu akakiweka kiti chini. "Nimeondolewa watoto wawili nliokuwa nkiwapeleka skuli," alisema polepole. "Mke wangu mwenyewe kaniuliza kama siku ile nlisinzia."

"Nisamehe, kaka Makungu. Ntapita nyumba kwa nyumba, niwaambie."

"Pita," alisema. Hakusema yamekwisha, hakusema haidhuru.

Walimaliza kupakia viti, wakashika njia ya kurudi. Walipokaribia Kiembe Samaki, Makungu akapunguza mwendo.

"Ipo gari ya Bi Damyanti, yule mwalimu mstaafu, anaiuza kwa kuwa anahamia Dar kwa binti yake. Nnaijua, nmemtengenezea miaka sita. Nlinyamaza kwa sababu nliona hamtanisadiki."

Bi Damyanti aliwapokea barazani. "Shikamoo," alisema Kazija. "Marahaba, karibuni. Gari ni kuukuu, nawaambia mapema, na kiyoyozi kimekufa."

Gari ilikuwa pana na rangi yake imepauka. Nyuma viti viliingia vyote, lakini mkanda wa katikati ulikuwa wa kiunoni tu, na kiti cha Nadra, alichokipanga hapo, kinataka mkanda wa begani. Kazija akaanza kutoka, kisha akarudi. Akasoma maandishi ubavuni mwa kiti cha Salhiya, akayasoma tena: hicho kinakubali mkanda wa kiunoni. Basi akakiweka cha Salhiya katikati, cha Nadra dirishani. Milango ikafungwa. Akavuta mikanda yote mpaka mwisho, akaipapasa mishono. Ilikuwa ya kiwandani, imebanana. Makungu akaingia uvunguni, kisha yeye na Msabah wakaiendesha mpaka njia ya uwanja wa ndege, wakijaribu breki kila hatua.

Waliinunua.

Jioni ile ile Kazija alitoka kwenda nyumba ya kwanza. Msabah alivaa viatu na kwenda naye, bila kuombwa. Mama wa wale watoto wa skuli alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini anayasema leo.

"Kwa sababu mwanzo nlisema uongo," Kazija alijibu.

"Ntazungumza na baba yao," yule mama alisema, akafunga mlango taratibu. Kwa jioni ile zilikuwa zimebaki nyumba tatu. Kazija akajifunga mtandio vizuri, wakaendelea.