Ubeti wa Tatu

Mwaka huo Jelagat alitunga nyimbo nyingi kuliko mwaka mwingine wowote tangu ahamie Birmingham. Nyingine zilimjia ndani ya basi la kutoka Castle Vale, nyingine akiwalisha wazee aliokuwa akiwatunza kazini. Sasa Desemba ilikuwa inaisha, barafu imeganda kwenye madirisha ya kanisa lao kule Northfield, na kwaya ilikuwa inazirudia zote kwa ajili ya ibada ya kufunga mwaka. Kila wimbo ulimkumbusha mwezi wake. Alijivunia, kusema kweli.

Walipofikia ule uliopendwa zaidi, mlango ulifunguliwa. Milka akaingia, koti amelifunga hadi shingoni. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi ya mumewe Fanuel, aliyegongwa na gari akitoka kazini kwa baiskeli.

Wimbo ule Jelagat aliutunga kwa maneno ya Milka mwenyewe, aliyoyasikia siku za msiba, wawili hao wakiwapikia waombolezaji. Hakuwahi kumwomba ruhusa.

Gaston, mpiga kinanda, hakujua lolote. Akaendelea. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Milka alisimama nyuma, akisikiliza. Wa tatu ukaingia: "Nimemsamehe aliyenivunjia nyumba..."

"Hapo simameni!" Milka alisema.

Kinanda kikanyamaza.

"Mama Derrick, karibu," Jelagat alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nilikuwa nataka—"

"Maneno hayo mengine ni yangu, niliyasema. Lakini hilo la kusamehe nililisema lini?"

"Hukulisema," Jelagat alijibu. "Niliona wimbo hauwezi kuishia kwa uchungu."

"Wewe uliona." Milka akasogea mbele. "Yule dereva bado namchukia. Najaribu kuomba, nashindwa. Na nyinyi mnamwambia Mungu nimeshamaliza?"

"Basi niuondoe wimbo wote?" Jelagat aliuliza.

"Hapana," Milka alijibu. "Fanuel yumo. Ondoa huo uongo tu."

"Utaishia vibaya."

"Na uishie vibaya."

Jumapili wakauimba hivyo. Baada ya ubeti wa pili sauti zilikatika ghafla, waumini wakabaki wanangoja, wengine wakitazamana. Uso wa Jelagat ulimwaka kwa aibu. Kwenye benchi la mbele Milka alikuwa analia kwa sauti, bila kujifunika uso, na mama aliyeketi karibu naye akamshika mkono.

Gaston alimtazama Jelagat, vidole tayari kwa wimbo unaofuata. Jelagat akatikisa kichwa. Wakamsubiri Milka alie mpaka amalize.