Asiguswe Akilala

Katika nyumba ya sajenti, mwenye nyumba akilala haguswi. Unasimama mlangoni, unagonga mguu wa kiti kwa mpini wa ufagio, unasema, "Afande, kumekucha," hata kama ni alasiri. Ukimgusa, umejitakia. Mama mwenye nyumba aliwahi kumgusa bega, mwezi ule mumewe aliporudi kutoka vitani, akavunjwa mkono sehemu mbili pale pale kitandani. Majirani wa kambini waliambiwa ameteleza bafuni. Bafu lile limesingiziwa mengi, maskini.

Binti yao wa miaka kumi na mitano, ambaye baba alimwita Koplo, ndiye aliyeijua kazi ya ufagio kuliko wote. Alimpenda baba yake, tena sana. Na alijua mambo ya kambini yanavyokwenda: neno likitoka nje, baba anachukuliwa, cheo kinayeyuka, na wao wanatolewa kwenye nyumba.

Ndiyo maana siku mtafiti alipokuja kuuliza vijana wa familia za wanajeshi wanaishije, Koplo alikuwa ameshapanga majibu. Mtafiti, dada mpole mwenye raba nyeupe, alieleza kwamba utaratibu wao ni kuzungumza na kijana peke yake, mzazi akiwa mbali. Mama alikuwa kazini na baba amesinzia kwenye kochi sebuleni, kwa hiyo wakakaa jikoni. Analala vizuri? Vizuri. Kuna anayempiga? Hakuna. Anajisikia salama nyumbani?

"Ndiyo," Koplo alisema, macho kwenye sufuria ya chai.

Mtafiti akashukuru. Maji yakaanza kufurika, Koplo akageukia jiko, na kufumba na kufumbua yule dada akawa ameshaingia sebuleni. Adabu ndiyo iliyomponza. Alikofunzwa yeye, mgeni haondoki bila kumuaga mwenye nyumba. Akainama, akamgusa sajenti begani.

Hata kwaheri hakuiwahi. Sajenti aliinuka naye, vidole vimeshamkaba koo, akambamiza ukutani. Picha ya harusi ikaanguka, vioo vikasagika chini ya miguu yao. Macho ya sajenti yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Akamwangusha sakafuni, akamkalia kifuani, akabana. Raba nyeupe zikawa zinapiga sakafu. Koplo akagonga mguu wa kiti, akagonga tena, akaita afande, kumekucha, afande. Wapi! Ufagio ni wa aliyelala, na huyu alikuwa vitani. Miguu ya mtafiti ikaanza kulegea.

Koplo akakimbilia jikoni, akarudi na sufuria, akammwagia baba yake maji ya moto mgongoni. Sajenti alinguruma, akaachia, akageuka na kumtandika mwanawe ngumi ya uso iliyomtupa mpaka kabatini. Jino likatoka. Damu ile, ikimchuruzika Koplo kidevuni, ndiyo iliyomrudisha baba yake. Alitazama mikono yake, kisha akatazama kidevu cha mtoto.

Mtafiti alikohoa sana, amejikunja, shingoni alama za vidole zimevimba. Alipopata pumzi akaitafuta simu yake, akapiga, na hakuna aliyemzuia. Mazoea yana taabu: Koplo, mdomo umejaa damu, alianza kueleza kwamba mgeni ameteleza. Baba yake akamkatiza.

"Dada, ulimuuliza nini huyu?"

Mtafiti akamwambia, sauti inakwaruza.

"Muulize tena. Mimi natoka nje."

Akatoka, shati limegandamana na ngozi, akakaa kwenye ngazi na kuvuta mlango nyuma yake. Swali la kujisikia salama likarudiwa. Koplo alilia kwanza, kwa sababu alimpenda mtu yule wa pale ngazini na alijua anachomfanyia.

"Hapana," alisema. "Tangu arudi, hapana."

Askari wa kambi walikuja wawili, mbio mbio. Sajenti alikuwa bado pale pale, ameinamisha kichwa magotini, amefumba macho, na mmoja wao akanyoosha mkono kumshika bega. Koplo alishafika mlangoni na ufagio.

"Msimguse," alisema. "Ngojeni nimwite mimi."