Shimo Letu Lilipobatizwa

Fataki ya kwanza ilipasuka kabla jogoo hajawika, na mume wangu Evelio akacheka akiwa bado kitandani, macho kayafumba. "Amka, Nidia," akaniambia. "Mtoto wako anatimiza mwaka leo."

Mtoto mwenyewe alikuwa shimo. Lilikuwa kwenye kona mbele ya shule, pale maji ya mlimani yanapokatiza barabara, na mvua zilikuwa zimelichimba hata gari likiingia, abiria wa nyuma walikuwa wakigonga vichwa darini. Mashimo mengine tulikuwa nayo tele, kutoka kwetu Las Anonas hadi barabara kuu ya Choluteca, lakini hayo dereva mwenye akili aliweza kuyakwepa. Hili halikuwa na pembeni. Upande mmoja mlima, upande wa pili korongo, katikati yeye. Lami ilikatika siku ya Mtakatifu Pancracio, na kwa kuwa wazee wetu walimpa mtoto jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, nasi tukaliita hivyo hivyo, Pancracio.

Keki niliioka mimi. Wazo lilikuwa la Evelio, kama mawazo yote ya kipuuzi pale kijijini. Alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya kijiji, mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kutoka msibani kabla hajamchekesha mfiwa. Alikuwa amechoka kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya meya tangu asubuhi ili aambiwe kwamba fedha za barabara bado hazijafika. "Tukilia hawatusikii," alisema. "Tukicheka, huenda wakaja kuuliza tunacheka nini." Akawaita watu wa televisheni kutoka mjini, na kweli wakaja.

Mwaka huo tayari alikuwa mgonjwa, ila tulikuwa hatusemi. Tangu ujana wake alikuwa amekata miwa bondeni, juani, na kama wakata miwa wengi wa kwetu, figo zake zilikuwa zimeanza kufa. Daktari alitueleza kwamba itafika siku damu yake itabidi isafishwe kwa mashine hospitalini Choluteca, kila wiki, tena si mara moja kwa wiki, na kwamba kukosa kidogo tu kunaweza kummaliza. Watu waliona mzaha wa shimo. Mimi niliona kwamba mume wangu atahitaji barabara ile ili aishi, na sikuweza kucheka kama wao.

Mwalimu Digna, jirani yetu, alishika kibuyu cha maji na mshumaa. Evelio alisimama ukingoni, kofia mkononi, yeye ndiye baba wa mtoto. Mimi mama, kando yake, na keki yangu. Mpango ulikuwa kwamba Evelio atauliza nani msimamizi wa mtoto huyu kwenye ubatizo, na sisi sote mbele ya kamera tutataja jina la meya, don Amílcar, ili nchi nzima ijue mzigo ni wa nani. Kwetu msimamizi ndiye anayemlea mtoto wazazi wakishindwa. Tulijiona tumemweza.

"Nani msimamizi wa mtoto huyu?" Evelio akauliza.

"Niko hapa," mtu akajibu nyuma yetu.

Alikuwa don Amílcar mwenyewe, na hakuna aliyemwalika. Alikuja kwa miguu kutoka alipoacha gari lake, viatu vinang'aa, kofia kaivua. Watu wakampisha. Akauchukua mshumaa mkononi mwa Mwalimu Digna, akaushika wima wakati maji yakimwagwa, akajibu maneno yote ya ubatizo bila kukosea hata moja. Kisha akamkumbatia Evelio na kumpigapiga mgongoni.

"Kompadre," akasema.

Nilimwona Evelio akisita. Kicheko kilikuwa bado usoni mwake, hakijui kiende wapi. Halafu naye akajibu, "Kompadre."

Kwetu neno hilo halitamkwi kwa utani. Mzazi na msimamizi wakishaitana hivyo wamekuwa zaidi ya ndugu. Hawatukanani, hawashtakiani, hawasemani vibaya hata wakiwa nyuma ya mlango. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wawili waliokuwa wakitafutana kwa mapanga wakaachana, kwa sababu mmoja aliwahi kumshikia mwenzake mtoto kanisani. Kwamba mtoto huyu alikuwa shimo na padri hakuwapo, hayo yalisemwa baadaye sana. Siku ile maji yalimwagwa, mshumaa uliwaka, na watu wawili wakaitana kompadre mbele ya kijiji kizima. Don Amílcar alikula vipande viwili vya keki, akanigeukia. "Komadre, humu ndani umetia nini, nazi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, don Amílcar."

Simpendi mtu huyu mpaka leo, lakini sitamsingizia. Alikuwa kompadre mwema. Krismasi alituletea nguruwe. Alikuja kukaa jikoni kwangu bila walinzi, akala kwa mikono tamales, mikate yetu ya mahindi inayopikwa ndani ya majani, akamsikiliza Evelio akimwigiza yeye mwenyewe anavyohutubia, akacheka hadi machozi. Evelio alipoanza kusafishwa damu, don Amílcar ndiye aliyemtuma mtu na dawa ambazo hospitalini zilikuwa zimekwisha, na mara moja alikuja kukaa kando ya mashine, akamshika mkono. Kila siku ya Mtakatifu Pancracio alituletea fataki na wapiga marimba. Baadaye akaongeza jukwaa, na mwaka mmoja kukawa na mashindano ya kumchagua malkia wa shimo, binti wa watu kavishwa taji, kapanda juu ya gari anapunga mkono. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kucheza. Kifusi hakikuletwa hata toroli moja.

Na shimo likawa linakua. Ulipofika wakati wa Evelio kwenda hospitalini, nilikuwa nikipanda naye gari dogo la Toribio, dereva wa abiria wa pale kijijini, nimemwekea mto mgongoni na mwingine chini. Tukikaribia kona, Toribio alikuwa akisimama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. Evelio alikuwa anashika chuma cha kiti, anafumba macho. Gari lilizama, likagonga, likapanda, na yeye akasema, "Mtoto huyu ana nguvu, kafanana na mama yake." Toribio alicheka kila mara. Mimi nilimfuta Evelio jasho.

Halafu fedha zikafika. Tulizisikia redioni, fungu la kutengeneza barabara za kwetu, na siku zile kila mtu alikuwa ametega sikio kusubiri greda. Greda likaja kweli. Lilitoka barabara kuu, likakata kushoto, likapanda upande wa pili wa bonde ambako hakuna kijiji, kuna malisho ya ng'ombe wa don Amílcar na nyumba yake ya vigae. Nikiwa nimesimama jikoni kwangu naosha vyombo, nilikuwa naiona lami mpya kule ng'ambo.

Mwalimu Digna alikuja jioni ile ile. Evelio alikuwa barazani kwenye bembea yake ya kulalia, ametoka kusafishwa, unene wote umekwisha.

"Kamati imekubali twende mji mkuu, Tegucigalpa, kwa wakaguzi wa fedha za serikali," Digna akasema. "Lakini mwenyekiti ndiye wa kusema. Bila wewe watatuona wambea."

"Siwezi."

"Kama ni ugonjwa, tutakubeba."

"Siwezi kumshtaki kompadre wangu, Mwalimu."

Digna akacheka, kicheko kibaya. "Kompadre wa shimo! Mzee wewe, una akili kweli? Lile ni shimo, si mtoto."

"Kibuyu ulishika wewe," Evelio akamjibu taratibu. "Mbona hukuuliza siku ile?"

Digna alipoondoka, nikakaa karibu na Evelio. "Mtu unayemlindia jina anakuua," nikamwambia.

"Najua."

"Basi?"

"Basi nini, Nidia? Nikamseme, nirudi hapa. Barabara hawatatengeneza, unawajua. Nitakuwa sina barabara, na neno langu nalo sina."

Usiku ule nilimpa mgongo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwamini: hawangetengeneza. Kamati ilikwenda bila yeye, ikapokelewa kwenye korido, ikapewa maji ya kunywa, ikaambiwa irudi na mwenyekiti. Waliporudi hakuna aliyetugombeza. Wanaume waliendelea kumsalimu Evelio kwa heshima, pengine zaidi ya zamani, kwa sababu kila mmoja wao ana kompadre wake.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza mapema. Pancracio alimvunjia Toribio springi ya gari, Toribio akaitengeneza, Pancracio akamvunjia tena. Toribio akaja mlangoni, kofia kaishika kifuani. "Dada Nidia, gari ndilo linalowalisha watoto wangu," akasema, na akanirudishia mito ya Evelio. Sikumlaumu. Nilimpa kahawa.

Tukajaribu machela. Wanaume wanne walimbeba Evelio, wakamvusha korongoni, hadi mahali ambapo gari la kutoka barabara kuu lingeweza kumfikia. Mara ya kwanza tulifanikiwa, na yeye njia nzima aliwaambia wabebaji kwamba hajawahi kujiona mfalme hivyo. Safari iliyofuata tulikaa chini ya turubai tangu asubuhi tukisubiri gari, mvua inatupiga, na gari halikutokea. Tulipopiga simu, dereva akasema chini huko nako hakupitiki. Tukamrudisha nyumbani. Alivimba miguu, kisha uso. Akawa anapumua kwa shida kama mtu anayepanda mlima, na kumbe amelala. Don Amílcar alipiga simu kuuliza hali yake, akasema anatafuta helikopta ya jeshi. Naamini alitafuta.

Evelio alikufa mchana, mvua ikipiga mabati kwa kelele hata sikusikia pumzi ya mwisho.

Nilipokuwa namwosha, nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga vizuri, moja baada ya jingine. Nilijua don Amílcar atakuja, na nilijua kijiji kizima kitakuwa kimejaa sebuleni. Nilikusudia kumwambia mbele ya jeneza: mume wangu umemuua wewe, lami yake iko kwa ng'ombe wako. Mimi sikuwa nimefungwa na chochote. Miaka yote ile aliniita komadre, na mimi sikumwita kompadre hata mara moja. Nilikuwa nimejitunzia ulimi wangu. Nilimwambia Digna, naye akanibana mkono akasema, "Sema, dada. Wewe ukisema, na sisi tutasema."

Asubuhi ya mazishi tukasikia honi kule chini kwenye kona, ndefu, kisha kimya. Gari la don Amílcar lilikuwa limezama. Wanaume wakatazamana. Hakuna aliyetaka kwenda, na wote wakaenda. Walikaa muda mrefu wakilivuta gari lirudi nyuma hadi nje ya shimo, na waliporudi don Amílcar alikuwa katikati yao, ametota, tope limempanda hadi kiunoni, kiatu kimoja hana. Hakuwa amevaa ule uso wa kwenye mabango yake ya uchaguzi. Alipita kati ya watu bila kumsalimu yeyote, akaweka mikono juu ya jeneza, na akalia. Sijui wengine wanasemaje, lakini mimi nimewaona watu wakilia kwa kuigiza, na huyu hakuwa anaigiza. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye sakafu niliyoipiga deki alfajiri.

Digna alinitazama. Nikasogea hadi nikawa mbele ya don Amílcar, maneno yangu yote yako tayari. Aliinua kichwa, meno yanagongana kwa baridi, mzee wa watu.

"Komadre," akasema.

Nilifungua mdomo. "Utaugua na maji hayo, kompadre," nikasema. "Njoo ubadilishe nguo."

Digna aliinamisha uso. Nikaingia chumbani, nikafungua kabati, nikatoa suruali ya kijivu ambayo Evelio aliivaa zamani, alipokuwa na mwili wake. Nikampa na viatu. Vilimtosha kabisa.

Mvua ilipopungua tukaondoka. Kanisa na makaburi viko chini, baada ya shule, na njia ni hiyo moja. Don Amílcar aliomba kushika mbele, upande wa kulia, na hakuna aliyemkatalia. Mimi nilikuwa nyuma yao na mwavuli. Nikiitazama suruali ile ya kijivu ikiteremka mlima mbele yangu, na mwendo wa mtu mnene anayeangalia asiteleze, kwa muda kidogo niliona ni Evelio, anatembea, mzima, amebeba jeneza la mtu mwingine.

Halafu tukafika kwenye kona. Shimo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji mekundu, chini hapaonekani. Wanaume wakasimama na jeneza mabegani, wakaanza kuulizana nani ashuke kwanza.