Doa la Maji ya Moto

Mpishi hakujiunga na darasa la kufuma ili apate marafiki, wala ili aue muda kama wastaafu wengine. Alikwenda na jambo moja kichwani: kulifumua sweta la marehemu mwanawe, na kwa uzi ule ule amfumie mjukuu wake sweta la shule kabla baridi haijaingia. Basi. Wakimfundisha hilo atashukuru, wasipomfundisha atarudi kwake.

Jina la Mpishi alilipata katika jiko la shule ya bweni alikopikia miaka thelathini, na alipostaafu yeye, jina halikustaafu. Sweta lenyewe lilikuwa la sufu, zito, rangi ya majivu. Kijana alilinunua alipoanza kazi kwenye machimbo ya mawe, maana kule juu kilimani asubuhi zake ni za baridi ya kupenya mifupa. Mwaka mmoja uliopita lilirudi ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na viatu vyake na wembe wake wa kunyolea. Mwenyewe alirudi ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Baba yake ndiye aliyekwenda kumchukua, akarudi na neno moja: homa. Homa kali, siku mbili tu, ikampanda kichwani, na madaktari wamekataza jeneza lisifunguliwe. Nani wa kubishana na madaktari? Mpishi alizika sanduku.

Huyo baba mtu watu walimwita Nyapara, kwa kuwa alikuwa amesimamia wavunja mawe machimboni hapo hapo mpaka magoti yakamgomea. Ni yeye aliyemtafutia kijana nafasi. Mpishi alikataa katakata. Alisema hakuzaa mtoto mmoja ili akasimame chini ya mawe. Waligombana wiki nzima, sahani zikawa zinatua mezani kwa kishindo, na mwishowe Nyapara akapiga meza akasema mwanamume hakai nyumbani eti anaogopa mawe. Kijana akaenda. Kwa hiyo homa ilipomchukua, Mpishi, Mungu amsamehe, alipata nafuu ndogo ndani ya msiba: angalau haikuwa jiwe. Angalau hakuwa na wa kumlaumu. Ukitaka kujua ni nini kilichomwezesha kukaa nyumba moja na mume wake mwaka ule mzima, ni hilo "angalau" tu, hakuna kingine.

Aliyelipa gharama ya homa ile alikuwa mjukuu. Mtoto wa miaka sita, mama yake alishaolewa kwingine, mdomo haufungwi, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Lakini tangu msiba, kila jioni Chiriku alikuwa akiacha mchezo, anakuja kusimama mbele ya bibi yake na kuinua paji la uso.

"Bibi, nishike hapa. Nina homa?"

"Huna, mjukuu wangu. Ni joto la kukimbia."

"Nishike tena."

Na siku ambayo kweli mwili ulichemka kidogo, mafua tu ya kawaida, mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akiuliza kama naye atawekwa kwenye sanduku.

Darasa lilikuwa Jumanne na Alhamisi alasiri, katika ukumbi wa jumuiya wenye viti vya plastiki na dirisha moja lisilofunga. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi wa sufu. Wanafunzi walikuwa wanawake tisa na mwanamume mmoja, Mzee wa Posta, ambaye alifuma skafu iliyoanza na vitanzi ishirini na kufikia wiki ya tatu ilikuwa na arobaini na moja.

"Mzee, hiyo skafu au hema?" wanawake walimtania.

"Wageni ni wengi nyumbani," alijibu bila kuinua macho. "Kila mtu atapata pa kujifunika."

Mpishi naye hakuwa na la kujisifu. Mikono iliyozoea kukoroga sufuria la watu mia tatu haikujua kushika sindano mbili nyembamba. Aliubana uzi kama anaukaba, vitanzi vikakataa kuteleza, Mwalimu akawa anampigapiga begani na kumwambia, "Legeza, mama. Hautakimbia." Akafumua, akafuma, akafumua tena. Akajikaza kisabuni. Kufikia wiki ya sita alikuwa anafuma mraba ulionyooka, na akaona sasa anaweza kuligusa sweta.

Nyapara hakupenda. Hakupenda tangu siku ya kwanza.

"Kwani uzi umekwisha madukani?" alisema. "Nitakuletea mpya."

"Sitaki mpya."

"Mama, liache sweta la marehemu lipumzike. Kulichanachana kuna faida gani?"

Mpishi alidhani ni uchungu wa baba. Alimhurumia, tena siku ile alimwongezea chakula.

Jumanne ya wiki iliyofuata Mwalimu aliweka sindano kando, akaleta mabeseni, birika la maji yaliyochemka, sabuni ya mche na mafundo ya sufu ambayo haijasokotwa. Alitaka kuwaonyesha namna ya kuigandisha sufu iwe kitambaa kizito bila kufuma. "Ni vitu vitatu," alisema. "Joto, sabuni, na kusugua. Mkisugua dakika mbili mkachoka, hamjafanya kitu. Sugueni mpaka mikono iwake." Kisha akaongeza, akicheka, "Na muwe na uhakika na mnachokifanya. Kufuma ukikosea unafumua. Hii ikishaganda, imeganda. Hata ulie."

Hapo Mpishi alikuwa nyumbani. Maji ya moto hayakumtisha, na mikono yake migumu ilisugua kuliko ya wote. Alitoka na kitambaa cha kuwekea sufuria, kinene kama kipande cha mkate, akakivuta huku na huku kwa furaha na hakikuachia hata unyuzi. Njiani kurudi alikuwa anakibonyeza ndani ya mkoba kama mtoto mwenye zawadi.

Alhamisi alilipeleka sweta. Mwaka mzima lilikuwa kwenye sanduku la nguo, halijakunjuliwa, kwa sababu hakuwa na moyo wa kulitazama. Alilitoa likiwa bado katika mkunjo aliolikuta nao. Mwalimu akakata nyuzi za maungio, akatenga mikono, kifua na mgongo, akamwonyesha pa kuanzia. Mkono wa kwanza ulifumuka vizuri, uzi ukitoka umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa misuko. Mzee wa Posta alijitolea kuuviringisha. Mkono wa pili, vivyo hivyo. Kifua, vivyo hivyo. Mpishi aliulilia ule uzi kidogo, halafu akaacha.

Mgongo ulikataa. Safu mbili za shingoni zilitoka, kisha uzi ukanasa upande wa bega la kushoto. Alivuta, ukakatika. Akatafuta ncha nyingine, ikakatika pia. Kuanzia begani mpaka karibu na katikati ya mgongo, pahala penye ukubwa wa sahani, sweta lilikuwa gumu na nene, vitanzi vimefutika, havionekani hata ukivitafuta kwa kucha.

Mwalimu alilichukua, akalibonyeza. "Mama, hapa pamegandishwa," alisema bila kufikiri. "Kama tulivyofanya Jumanne. Mtu alipasugua hapa tu kwa maji ya moto, tena alisugua si mchezo. Saa nzima, labda mbili. Lilikuwa na doa la nini?"

Mpishi aligeuza upande wa ndani. Kuzunguka ule ugumu palikuwa na mstari wa kahawia iliyofifia, kama alama ya kikombe mezani. Alikuwa ameziona alama hizo miaka thelathini, kwenye aproni za jikoni siku za kukata nyama. Kila msichana aliyeajiriwa pale, Mpishi alimfundisha jambo hilo siku ya kwanza: damu inaoshwa kwa maji baridi. Ukiimwagia ya moto umeipika, haitoki tena. Mwanamke yeyote aliyewahi kufua anajua. Asiyejua ni mtu ambaye hajawahi kufua hata leso yake.

"La mchuzi," alisema.

"Mchuzi mgongoni?" aliuliza Mzee wa Posta.

"Mgongoni."

Hakuna aliyecheka. Mpishi alikusanya mabonge ya uzi na kile kipande cha mgongo, akaaga, akatoka. Miguu ilimpeleka yenyewe. Homa haitoi damu begani, alikuwa akisema moyoni, homa haitoi damu begani, na alipofika mlangoni kwake hakukumbuka kama alivuka barabara.

Nyapara alikuwa kwenye ua wa nyuma, ananyoosha mpini wa jembe. Chiriku alikuwa kwa jirani, sauti yake inasikika. Mpishi alikwenda moja kwa moja jikoni. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akaliweka mbele ya mume wake na kipande cha sabuni pembeni. Kisha akatandaza ule mgongo wa sweta juu ya magoti yake.

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Ulivyofua."

Nyapara alilitazama beseni mpaka mvuke ukapungua. Aliuweka mpini chini.

"Nilifikiri linasafika," alisema hatimaye. "Kila nikisugua linazidi kuwa gumu, nikafikiri ndiyo linasafika. Mlinzi wa chumba cha maiti alinichemshia maji mara tatu. Niliona siwezi kukuletea vile lilivyokuwa."

"Lilikuwaje?"

"Jiwe, mama." Alianza kulia, lakini aliendelea kusema, na kwa hilo tu tumpe haki yake. "Lilitoka juu. Wenzake walipiga kelele, hakusikia. Kichwani, huku kushoto. Hakukuwa na siku mbili. Hakukuwa na daktari. Mimi ndiye niliyesema jeneza lipigiliwe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulinikataza. Wiki nzima ulinikataza. Ningekuja kukwambia nini?"

Mpishi alimchukia. Tusipambe maneno. Alimchukia kwa jiwe, akamchukia zaidi kwa homa, kwa mwaka mzima wa kumpakulia chakula akimwonea huruma, na kwa mtoto anayeinua paji la uso kila jioni. Na katikati ya chuki hiyo aliiona ile mikono mikubwa, isiyojua kazi ya maji, ikisugua damu ya mwanawe saa nzima mbele ya mlinzi wa maiti, akamwonea uchungu, na uchungu huo ukamkasirisha kuliko vyote. Aliingia ndani, akarudi na mkasi. Akakata pale pahala pagumu, kwa kuzunguka, taratibu. Sufu iliyoganda haitoi nyuzi ukingoni. Ilitoka nzima.

"Hii haifumuki," alisema, akamwekea kiganjani. "Kaa nayo wewe."

Akaketi kwenye kizingiti na mabonge yake, akaanza kuhesabu vitanzi vya mgongo mdogo. Jua lilikuwa bado halijazama Chiriku aliporudi, jasho linamtoka, akaja moja kwa moja kwa bibi yake.

"Bibi, nishike hapa."

"Leo nenda kwa babu akushike."

Mtoto alishangaa, lakini alikwenda. Nyapara alimtazama mkewe. Mkewe hakuinua macho kwenye sindano.

"Mwambie," alisema. "Mwambie yote. Na pale uliposema aende, useme."

Nyapara aliweka kiganja kwenye paji la mtoto, kile kingine kikiwa kimefumbata kipande kigumu. Alimwambia. Alikwama mara mbili, akaanza upya. Alisema jiwe. Alisema ni babu aliyempeleka baba kule, na bibi alikataza. Chiriku alisikiliza mdomo wazi, kimya kama si yeye.

"Kwa hiyo hakuwa na homa?" aliuliza.

"Hakuwa na homa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mjukuu wangu."

Mtoto alijishika paji mwenyewe, akafikiri. Halafu uso ukamfunguka wote, tabasamu ambalo nyumba ile haikuwa imeliona mwaka mzima, akageuka na kuchomoka mbio kurudi kwa jirani. Wale wawili walibaki pale, mmoja na sindano, mwingine na kiganja kilichofumbwa, wakimsikia upande wa pili wa ukuta akiwatangazia wenzake kwa sauti ya furaha:

"Baba yangu hakufa na homa! Aliangukiwa na jiwe! Ni jiwe!"