Jiwe la Bluu la Mama Agnesi

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya sabuni, duka la ushirika, Kariakoo: mtoto akilala juu ya shuka zilizotoka hoteli ya kisiwani, zinampeleka huko huko. Mama Agnesi aliusikia asubuhi, ukamganda kutwa kama harufu ya mafuta ya taa. Maana shuka hizo alizifua yeye, uani kwake Mchafukoge. Dobi Awadhi ndiye aliyemletea robota la shuka kila Jumatatu, boti ilipofika.

Alimuuliza, Awadhi akacheka. "Mama Agnesi, shuka zingekuwa zinabeba watu, si mimi ningeshafika Ulaya?"

Jioni yake alimkuta bintiye anaamka juu ya robota. Miguu ya Agnesi ilikuwa na mchanga mweupe, laini kama sembe, nasi sembe tulikuwa hatujaiona siku nyingi. Mabega yalikuwa yamebabuka kwa jua. Kinywa kilinukia nanasi.

"Umekula nini wewe?"

"Kamba koche, mama. Wa kuchoma, na ndimu. Na dafu lina barafu ndani."

"Nani kakupa?"

"Hakuna anayenipa. Vipo tu mezani."

Akaeleza vyote. Bahari ya kule ni vuguvugu magotini, ikifika kiunoni inapoa. Kuna wavu umefungwa kwenye minazi, unalala unabembea, upepo unakupitia chini ya gauni. Mito ya kulalia imewekewa maua ya langilangi. Mama Agnesi alisikiliza huku anasonga ugali wa unga wa njano, akaona haya kumkataza. Utamkatazaje mtoto kushiba?

"Ila kuna watoto chini ya meza," Agnesi akasema. "Chini kabisa, chini ya sakafu. Wanagonga."

Walikuwa watoto wa kisiwa kile, waliokufa zamani. Wazazi wao walihamishwa kupisha hoteli, makaburi yakasawazishwa, juu yake ukajengwa ukumbi wa kulia chakula.

"Wanataka nini?"

"Wanauliza kama kwetu kuna nafasi."

Hapo ndipo Mama Agnesi alipoogopa. Akafanya alichokijua. Miaka ile foleni tulipanga mawe. Jiwe lako likikaa, wewe upo, hata kama uko kwako unapika. Lisipokuwepo, wa nyuma anasogea, wala hakuna ugomvi. La kwake alikuwa amelipaka bluu ya kufulia, duka zima walilijua. Tangu siku hiyo kila Agnesi alipolala mchana juu ya robota, mama yake aliliweka jiwe lile kwenye godoro, pale mtoto anapolala usiku. Agnesi alikwenda, akashiba, akarudi. Mashavu yakajaa hata majirani wakaanza kuulizana.

Siku moja Scholastika, jirani wa mlango wa pili, akapita mbio. "Mama Agnesi! Sukari imeshuka! Lete jiwe lako, unashangaa nini?"

Agnesi alikuwa ameshakwenda kisiwani. Mama yake akachukua nusu tofali, akaenda kulipanga. Wanawake wakalisukuma kwa mguu.

"La nani hili?"

"Langu."

"Lako ni la bluu. Usituletee ujanja hapa, mama wee."

Akarudi nyumbani. Akasimama mbele ya godoro. Mtoto alikuwa hajaonja chai ya sukari tangu mfungo uliopita, na kwenda na kurudi hakuchukui muda. Akalichukua jiwe.

Aliporudi na sukari kwenye pindo la khanga, godoroni alikuwa amekaa msichana wa umri wa Agnesi, nywele zinadondosha maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Agnesi yuko wapi?"

"Hapakuwa na jiwe," mtoto akasema kwa adabu. "Nikasogea."

"Na yeye?"

"Kwangu palibaki wazi."

Jina lake Waridi. Mama Agnesi alimkorogea chai kwa sukari ile. Kumfukuza hakuweza, utaratibu ulikuwa ule ule ambao yeye mwenyewe aliutetea dukani kila siku.

Alikwenda Posta, kwenye ofisi ya hoteli. Karani alimpokea vizuri, akampa kiti. "Kule ni kwa wageni wenye fedha za kigeni, mama. Na makaburi hakuna. Kuna ukumbi."

Waridi anakwenda shule. Ni mtiifu, anajua kufagia, nywele hazijakauka mpaka leo. Jiwe la bluu limerudi godoroni, ubavuni pa Waridi, na foleni Mama Agnesi anasimama kwa miguu yake. Jumatatu robota linafika, linanukia langilangi. Kabla halijatiwa majini, Waridi huliwekea sikio.

"Wanavuta viti," husema. "Wameanza kula."

"Harufu inamfikia Agnesi kule chini?"

"Inamfikia, mama."

Wenye watoto, epukeni haya:

Kumlaza mtoto juu ya shuka ambazo mwenye nazo humjui.

Kukung'utia mchanga wa kisiwani ndani ya nyumba.

Kushukuru kwamba mtoto ameshiba kabla hujamuuliza nani alikuwa chini ya meza.

Kujibu wanaogonga kwamba kwenu kuna nafasi.

Jiwe moja kwa foleni mbili.