Mvuvi Mmoja Uwanjani

Walipoinunua ile nyumba ya Mtaa wa Kessel, hakuna aliyewaambia Jolene na mumewe Duane kwamba wamenunua pamoja nayo Krismasi ya watu. Walikuta tu chumba cha chini kimejaa masanduku ya mapambo, arobaini na moja, yameandikwa kwa kalamu nene: Safina ya Nuhu. Treni. Sarakasi. Wavuvi wa Barafuni. Mzee Norbert, mwenye nyumba wa zamani, alikuwa ameshahamia Arizona kwa binti yake. Jolene alikuwa mpeleka barua kwa mwaka wa kumi na tisa, na mgongo wa kuyatoa masanduku yale hakuwa nao. Akayafunika turubai, akafunga mlango.

Mwezi wa Oktoba jirani wa ng'ambo ya barabara, Bi Arlys, akabisha hodi na mkate wa boga, bado una moto.

"Karibu, Bi Arlys. Usinitazame, ndiyo kwanza natoka kazini."

"Sikai, mwanangu. Nimekuja kuuliza tu, mwaka huu mada ni ipi?"

"Mada ya nini?"

Bi Arlys akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Ya taa! Hapa watu wanakuja kutoka kaunti tatu. Mzee Norbert hakurudia jambo miaka miwili mfululizo. Mwaka wa safina, twiga alichomoza kichwa juu ya paa!"

Jolene akaupokea mkate, akashukuru, akaahidi kufikiria. Desemba ya mpeleka barua haina sikukuu ndani yake. Anatoka giza, anarudi giza, na katikati ni vifurushi, ngazi za barafu na mbwa wa watu. Aliyesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi alikuwa amekutana na Bi Arlys.

Duane, kwa upande wake, aliposikia alichangamka. Jioni zote za wiki ile alikaa mezani jikoni na karatasi ya mirabaraba, penseli sikioni, akichora wavuvi wanane wa kuvua kwenye matundu ya ziwa lililoganda, na vibanda vyao, ziwa la taa za buluu kutoka barabarani hadi mlangoni, na samaki wakiruka juu ya paa.

"Kumi na wawili," alisema. "Huyu anawaka, huyu anazima, unaona? Utadhani anaruka kweli."

"Na huko juu ya paa anapanda nani?"

Duane akajishika bega. Kiangazi kile alikuwa amepasuliwa bega, na mkono wake wa kulia haukupanda kupita sikio.

"Nitakushikia ngazi."

"Ahsante sana, mume wangu. Nikianguka utanidaka kwa mkono upi?"

Ulikuwa utani, lakini ulitoka na makali. Duane akaiinamia karatasi yake kama mwanafunzi aliyekemewa, na Jolene akaenda kulala bila kula.

Jumapili akampigia simu Mzee Norbert.

"Watu wa Kessel! Mmeshapanga?" mzee akauliza, kabla hata ya salamu.

"Ndicho nilichokupigia, mzee. Wewe ulikuwa unaanza lini?"

"Septemba." Akakohoa. "Mama, nikwambie kweli? Miaka kumi ya mwisho niliichukia kazi ile. Magoti yaliwaka moto. Nikisikia gari la kwanza linapunguza mwendo, nasema haya, wenye nyumba wamefika."

"Sasa kwa nini hukuacha?"

"Nilingoja mtu aniulize kama nimechoka. Wote waliuliza mada."

Jolene akashuka chumba cha chini, simu sikioni.

"Na haya masanduku, niyafanyeje?"

"Gawa, tupa. Mimi simo tena."

Akaamua kugawa. Akabandika tangazo kwenye nguzo ya taa, na Jumamosi wakayapandisha masanduku moja baada ya jingine, Duane kwa mkono mmoja, wakayapanga mbele ya gereji. Mtaa mzima ukapita. Walifunua, walisifu, walikumbushana mwaka wa sarakasi. Halafu wakaondoka mikono mitupu.

"Sisi tunapenda kuja kuangalia tu," bwana mmoja akaeleza, kwa upole kabisa.

Bi Arlys alichukua ngamia wawili wa safina. Familia moja ilichukua treni, ikairudisha baada ya saa mbili kwa sababu ya nyaya. Kufika alasiri mvua ya theluji ikaanza, na masanduku yote mengine yakawa yanangoja kurudishwa chini. Jolene alitamani kuyakalia alie.

Duane alikuwa amefungua moja. Ndani yake alikuwamo mvuvi wa waya na taa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo yake ya kuvulia imeelekea chini.

"Huyu hataki ngazi," Duane akasema taratibu. "Anakaa chini."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Na tundu lake la barafu."

Jolene akamtazama mvuvi, akamtazama mumewe aliyelowa mpaka shingoni. "Haya. Lakini mimi sigusi hata msumari."

Duane alimsimamisha peke yake, siku tatu kwa mkono mmoja, akamzungushia duara la taa za buluu. Magari yalikuja, yakapunguza mwendo, yakaongeza. Bi Arlys akapiga simu.

"Watu wananiuliza mimi, wengine wako wapi!"

"Waambie wamelala," Jolene akasema.

Bi Arlys akashusha sauti. "Umechoka sana, eeh?"

"Nimechoka, Bi Arlys."

"Basi nitawaambia hivyo."

Mkesha wa Krismasi Jolene alimaliza kazi saa kumi jioni, giza la Desemba likiingia mapema. Hakufika ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, na Duane akatoka na vikombe viwili vya kahawa, akakaa kando yake. Gari moja likapita polepole, mtu akapunga mkono.

"Mwakani," Duane akasema, "tunaweza kuongeza samaki. Mmoja tu."

Jolene alikuwa ameshapitiwa na usingizi, buti miguuni, na Duane akaiacha kahawa yake ipoe, akakaa vilevile mpaka baridi ilipomshinda, ndipo akamwamsha.